Acha kutafuta kisiwa kipya, rudi Mafia upumzike

Kila nikijaza fomu ya likizo kuna mtu ofisini lazima aulize safari hii wapi, na nikisema Mafia, kile kisiwa cha kusini mwa Dar, ananiangalia kama nimeagiza wali maharage harusini. "Mafia tena? Si ulishaenda?" Nilishaenda ndio, tena sio mara moja, na ndo sababu yenyewe ya kurudi. Nimejibu hilo swali mpaka nimeona bora niandike liishe, maana hata meseji zinazoingia ni zile zile, "nataka sehemu nikapumzike, nisaidie," na wengi wanaoniandikia mwaka jana walienda mahali papya kabisa wakarudi wamechoka kuliko walivyoondoka.

Kama umechoka kweli, namaanisha ile ya kuamka asubuhi huku macho yanauma na unamjibu mtu vibaya bila sababu, sehemu mpya haikupumzishi hata kidogo. Inakupa kazi nyingine. Unafika hujui pa kula, hujui bei halali ni ipi, hujui bodaboda gani ni mtu na yupi atakuzungusha, kila saa unaamua kitu alafu kila ukiamua unajiuliza kama umepigwa. Wewe umetoka kazini ambako kutwa nzima unaamua vitu, umelipa hela yako ukaenda kuamua vitu vingine kwenye joto. Mafia mi siamui kitu. Nikishuka gatini Kilindoni najua nanunua chapati wapi, najua gari la Utende linasimama wapi, najua kitanda changu kiko upande gani wa dirisha. Kichwa kinakosa cha kufanya, na kichwa kikikosa cha kufanya ndo mtu anaanza kulala vizuri.

Sasa kabla hujakata tiketi nikwambie Mafia sio ya nani, ili usije ukanitukana. Kama unataka muziki ufukweni usiku, watu wengi, vinywaji, kupiga picha ukiwa umevaa vizuri, nenda Nungwi au Kendwa kule Unguja, ni kuzuri na sina ugomvi nako. Mafia saa tatu usiku giza limeshaingia, wanaolala wamelala, na wanaokesha ni wavuvi. Alafu ufukwe wa Utende, ambako ndo wageni wengi wanafikia, sio ule wa kwenye kalenda. Kuna mikoko, na maji yakikupwa unabaki unatazama tope na nyasi za baharini mpaka mbali huko. Nimeshaona watu wanafika saa nne asubuhi, wanatazama, wanashika kiuno, wanasema "ndo hii?" Ndo hii. Mchanga mweupe upo lakini lazima upande boti, kwa mfano fungu la Marimbani hapo kwenye ghuba ya Chole, ambalo lenyewe linatoka maji yakishuka na linapotea maji yakipanda. Na upande wa Kilindoni kuna fukwe za mchanga za kutembea kwa miguu jioni, ila kwa wanaokaa Utende ni safari.

Tuje kwenye jambo ambalo watu hawaliulizi kabisa na mi naona ndo kubwa kuliko hoteli: uende lini. Sio mwezi wa kalenda ya ofisi tu, naongelea upepo na maji. Masika, yaani mwezi wa tatu mwishoni mpaka wa tano, achana nako, mvua inapiga kweli na hoteli nyingi zinafunga. Kuanzia wa sita mpaka wa nane ni kusi, ule upepo wa kusini, hali ya hewa imepoa, usiku unaweza kujifunika shuka, ni muda mzuri sana wa kulala na kusoma, ila bahari ya nje inachafuka na boti ya kuvukia inaweza kukurusha mpaka ukamkumbuka kila uliyemkosea. Wa tisa upepo unaanza kulegea. Wa kumi mpaka wa pili au wa tatu hivi ndo msimu wa papa potwe, yule papa mkubwa wa madoa, bahari mara nyingi imetulia, japo wa kumi na moja vuli inaweza kukunyeshea. Januari na Februari ni joto, joto haswa, kaskazi inavuma, chumba kisicho na feni usikikubali. Mimi kama ningepewa kuchagua bila bosi kuingilia ningechukua wa kumi, au katikati ya Januari kwa anayevumilia jua.

Ukishapata mwezi, angalia mwezi. Wa angani. Hapa ndo naombaga watu wanisikilize na hawanisikilizi, wanachukua likizo kuanzia Jumatatu kwa sababu Jumatatu ni Jumatatu. Maji ya pwani yetu yanaenda na mwezi: ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanapanda sana na kushuka sana, tofauti ya juu na chini inaweza kupita mita 3. Katikati hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Sasa saa zake: siku za bamvua maji yanajaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na yanakupwa kabisa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume, yanajaa kwenye saa nne asubuhi na kukupwa alasiri. Na kila siku yanasogea mbele karibu dakika 50. Ukishajua hivyo tu umepata ratiba yako yote ya likizo bila kuandika chochote. Bamvua, asubuhi unatembea miambani na kwenye mchanga uliotoka, mchana unalala, alasiri maji yamekufuata mpaka karibu na mlango unaogelea. Maji mafu unaogelea asubuhi kabla jua halijawa kali, jioni unakaa tu. Yule mgeni aliyesimama akishika kiuno saa nne asubuhi alikuja siku ya bamvua na hakuna aliyemwambia, angerudi saa kumi pale pale angekuta bahari imefika miguuni.

Ndo maana ushauri wangu kama una uwezo, kaa wiki mbili uone maji yote, na kama una wiki moja tu ipange iishie kwenye mwezi mpevu. Usiku wa mwezi mpevu Mafia huhitaji tochi kutembea. Sitaki kulipamba zaidi ya hapo, nenda ukaone.

Kufika. Ndege zipo kutoka Dar, ndogo ndogo, ni nusu saa na ushee hivi unatua Kilindoni, na kama una hela na mgongo mbovu chukua ndege usijitese. Mi mara nyingi napita Nyamisati. Unapanda gari Mbagala Rangi Tatu, unaenda na barabara ya Kilwa, unapita Mkuranga, ukifika Bungu unakata kushoto kuelekea baharini. Ulizia muda wa boti siku moja kabla kwa mtu aliyeko kule kule, usitegemee ratiba uliyoikuta mtandaoni, kwa sababu pale maji yakiwa madogo chombo hakitoki, kwa hiyo saa za kuondoka zinaweza kufuata maji na sio saa yako. Kuna wakati nimefika chombo kimeshatoka, nikalala pale pale, na mwenye lile boti ambalo silitaji aligoma kurudisha nauli. Ndo hivyo. Tembea na akiba ya siku moja mfukoni.

Lakini ile njia naipenda. Unatoka Nyamisati unapita kwenye delta ya Rufiji, mikoko pande zote mbili, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki, mifereji inagawanyika huku na huku mpaka huelewi nahodha anajuaje njia. Ukipita humo ndo unaelewa meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilivyoweza kujificha miezi kadhaa Waingereza wanazunguka nje tu, mpaka wakaiteka Mafia Januari 1915 wapate sehemu ya kurushia ndege za kuitafuta, wakaimaliza Julai mwaka huo huo. Watu wa boti hawana habari na hayo, wamelala juu ya magunia ya vitunguu. Delta ikiisha unahisi chombo kinaanza kunyanyuka, ndo umeingia bahari kuu, na kama tumbo lako halipatani na mawimbi hapo ndo utajua. Kula kitu kikavu kabla, kaa nyuma upande wa hewa, usiangalie simu.

Nikishafika naacha siku mbili za mwanzo ziharibike. Namaanisha hivyo. Usipange boti, usipange Chole, usipange papa. Siku mbili hizo wewe bado uko Dar: unashtuka saa kumi na moja alfajiri ukiwaza foleni, unashika simu bila sababu, unamkasirikia anayechelewesha chai. Ukizijaza na safari hutaona kitu, utakuwa unapiga picha tu na kichwani unajibu imeli. Lala, kula, tembea mpaka mwisho wa kijiji urudi. Siku ya tatu mwili wenyewe unalegea, mi huwa najua kwa sababu nalala mchana bila kukusudia nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Simu. Mtandao Kilindoni uko vizuri, Utende nako unapatikana, kwa hiyo usije na kisingizio cha "nilikuwa porini." Wewe mwenyewe ndo utaamua. Ninachofanya mimi, bando nanunua la kupiga tu, la intaneti sinunui, na nimewaambia kazini kama jengo limeungua wanipigie, kama halijaungua wasubiri. Mara zote sijawahi kupigiwa, na sijui kama nifurahi au nijiulize wananihitaji kweli pale ofisini.

Pa kulala pana makundi matatu: hoteli za ghali ndani ya eneo la hifadhi zinazolenga Wazungu wazamiaji, nyumba ndogo na gesti za Utende, na gesti za Kilindoni mjini ambazo ni nafuu zaidi. Zote uliza bei ya Mtanzania, na sema unakaa siku ngapi kabla hawajataja bei. Wiki nzima sio bei ya usiku mmoja mara saba, ukinyamaza ndo utalipa hivyo. Ukiwekwa chumba, kabla ya kufungua begi toka nje uzunguke usikilize. Kuna mahali sipataji nililazwa ukutani kwa jenereta, umeme ukikatika ndo nami naamka. Na ukipata sehemu nzuri acha kuhangaika kila mwaka kutafuta nzuri zaidi, rudi hapo hapo, chumba hicho hicho. Mwenye nyumba akishakuzoea unaacha kuwa mteja.

Mimi kwa sasa nafikia kwa mama mmoja Utende ambaye ana vyumba vichache nyuma ya nyumba yake. Nikifika mlangoni mazungumzo huwa ni yale yale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja? Mbona umekonda hivyo, huko Dar hamli?"

"Tunakula mama, ni kazi tu."

"Kazi gani hiyo ya kummaliza mtu. Weka begi, kaa. Embe mwaka huu umezikosa, zimeisha juzi."

Hapo hata sijalipa, hajaniuliza nakaa mpaka lini, na chai ya tangawizi iko njiani. Jamani hiyo haipatikani kwenye programu ya kubuki hoteli, inapatikana kwa kurudi. Na ukirudi usirudi mikono mitupu. Mboga nyingi kule zinavushwa kutoka bara, kwa hiyo ukipita Mbagala chukua karoti, hoho, kabichi, viazi, weka kwenye kiroba, mpigie simu kwanza umuulize kapungukiwa nini. Mara ya mwisho alitaka nyuzi za cherehani na sindano, sio kitu ambacho ningekiwaza.

Chakula sasa. Nitaongea sana hapa mnivumilie. Siku za bamvua asubuhi wanawake wanashuka miambani na vijiti vya chuma kuwinda pweza, wamejifunga khanga kiunoni, wanatembea taratibu wameinama, na wanaona tundu ambalo wewe umelikanyaga mara tatu hukuliona. Nimejaribu kuwafuata, wananicheka. Pweza akija nyumbani anapigwa kwanza, anapigwa jiweni mpaka alegee, hiyo kazi anapewa mtoto na mtoto anaifurahia kupita kiasi. Alafu mama anamkata kata anamweka sufuriani bila maji kabisa. Nilidhani kasahau. Anafunika, dakika chache pweza anajitolea maji yake mwenyewe, yanageuka ya zambarau, anaivia humo humo taratibu na kitunguu saumu mpaka yakauke. Ndo anatia tui jepesi, anaacha linywee, tui zito linakuja mwisho na ndimu. Unakula na wali au muhogo. Mafia ni kisiwa cha minazi, nazi hazipimwi kwa kijiko, na dafu unaangushiwa pale pale ulipokaa. Siku nyingine ni changu wa kuchoma, kolekole wa kupaka, au vitumbua tu na chai ya rangi unashiba. Usiende na masharti mengi ya chakula. Ila maji ya kunywa nunua ya chupa au yachemshwe, tumbo la mtu wa mjini halitaki ujasiri.

Kutembeza macho: kitu kimoja, alafu siku mbili tatu za kukaa. Ukifuata hiyo hutakosea. Eneo la Utende na ghuba yote liko ndani ya Hifadhi ya Bahari Mafia, ya kwanza Tanzania, ilianzishwa 1995 na ina kilomita za mraba 822, kwa hiyo kuna geti njiani na kiingilio, beba kitambulisho cha NIDA maana mwananchi halipi sawa na mgeni. Lipa bila kulalamika. Wazee wanakumbuka vizuri enzi za baruti baharini, watu walivyokuwa wanalipua matumbawe wapate samaki wa siku moja, na ukiingia majini saivi na miwani yako na ule mpira wa kupumulia ukaona matumbawe yalivyo utaelewa hela inaenda kulinda nini. Hata kama hujui kuogelea vizuri, vaa jaketi la kuokolea, lala kifudifudi juu ya maji, shika kamba ya boti, tazama chini. Kwangu hiyo ndo dawa ya shingo, kulala juu ya maji bila kushika chochote, masikio yako ndani ya bahari unasikia matumbawe yanatatarika. Siongei kama daktari, naongea kama mtu anayekaa kwenye kompyuta kutwa.

Viatu vaa. Hata yeboyebo za bei rahisi zinasaidia, kuna wale wadudu weusi wenye miiba mirefu miambani, ukimkanyaga mmoja likizo yako imekuwa ya kuchungulia kisigino.

Chole ni kisiwa kidogo, kuvuka tu kutoka Utende, boti za abiria zinakwenda na kurudi, subiri na wenzako usikodi peke yako. Hakuna gari hata moja. Kuna magofu ya enzi za Wajerumani na ya wafanyabiashara wa Kihindi, mizizi ya miti imeshika kuta mpaka hujui kinachosimamisha kingine ni kipi, na popo wakubwa wa matunda wamening'inia mchana kweupe wanagombana kwa sauti. Mi Chole naenda kila nikija, na sitembezwi tena na mtu, nakaa chini ya mti karibu na wanapounda mashua nasikiliza nyundo. Kua, kule kisiwa cha Juani, nilienda mara moja inatosha: mji mzima wa mawe, misikiti, makaburi, uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska miaka ya 1820 watu wakachukuliwa utumwa. Pana uzito pale. Nenda, lakini sio siku unayotafuta kucheka, na beba maji mengi.

Kama uko kule kati ya wa sita na wa tisa, ulizia watu wa Sea Sense, shirika la kulinda viumbe wa baharini, kuhusu kasa wa Juani, wanajua kiota kipi kinakaribia kuanguliwa na wanaruhusu wageni kutazama. Vitoto vinatoka mchangani vinakwenda zake majini, hugusi, huvisaidii, unasimama pembeni tu.

Papa potwe ndo kitu watu wanaandika sana kuhusu Mafia, na kwa kweli anastahili. Boti zinatoka Kilindoni asubuhi, hazitoki mbali, kwa sababu potwe anafuata vijidudu na dagaa karibu na pwani, mara nyingi wavuvi ndo wanaonyesha alipo. Anafika mita 6, 7, mdomo kama... sina cha kufananisha, mdomo mpana tu, na hana habari na wewe. Anachuja maji, basi. Usimguse, usimkalie mbele, kaa pembeni mita kadhaa, na nahodha anayemkatiza papa na boti ili wewe upate picha mkataze, hata kama wenzako kwenye boti watanuna. Watafiti wamekuwa wakiwatambua mmoja mmoja kwa mpangilio wa madoa yao, na walipowafunga vifaa vya kutoa ishara za sauti wakagundua wengi hata hawahami msimu ukiisha, wanashuka tu maji ya kina nje kidogo ambako macho hayafiki. Utafiti huo ulitoka 2015. Kwa hiyo yule niliyemuona mwaka huu huenda ndo yule wa zamani, sina hakika, madoa sikuyakariri.

Marimbani iachie siku ya mwisho mwisho ukiwa umeshapoa. Hakuna kivuli, hakuna duka, hakuna choo. Ni mchanga katikati ya bahari. Nahodha wangu wa kwanza alikuwa mtu wa maneno machache, tukishuka alikuwa anachomeka upondo, ule mti wa kusukumia boti, mchangani ukingoni kabisa mwa maji, anakwenda kulala kwenye boti. Maji yakianza kupanda upondo unabaki ndani, kwanza kwa hatua moja, alafu tatu, unatazama ule upondo huku unakula nanasi na unajua kabisa muda wako unaisha na hakuna wa kumlalamikia. Maji yakifika magotini kati yako na upondo, nahodha alikuwa anaamka mwenyewe. Sijawahi kumuona anaangalia saa.

Kitu kimoja ambacho anayerudi rudi lazima ajiandae nacho: utakuta pamebadilika. Barabara ya Kilindoni kwenda Utende, kilomita 14, wa zamani waliila vumbi lake, saivi lami. Mti uliokuwa unakaa chini yake umekatwa pamejengwa. Nahodha mzee niliyeanza naye kaacha bahari kwa ajili ya mgongo, saivi nasafiri na mwanae ambaye anaongea na simu huku kashika usukani. Wapo watu wakishaona hivyo wanaanza wimbo wa "zamani ndo kulikuwa kuzuri." Mi naona ni tamaa tu ya mgeni, unataka watu waendelee kula vumbi ili wewe ukija mara moja kwa mwaka ukute picha yako. Mzee nikifika naenda kumsalimia nampelekea dawa ya kuchua, tunakaa barazani, ananiuliza bei ya mchele Dar, namwambia, anaguna.

Mavazi sitahubiri. Kijiji ni cha Waislamu, hotelini na kwenye boti vaa unavyotaka, ukipita mtaani jifunge khanga au vaa suruali ya heshima, na salimia kabla hujauliza njia. Ramadhani ukiwepo kula ndani, jioni utaalikwa futari na usikatae. Chandarua tumia hata kama mbu huwaoni. Hela taslimu toa Kilindoni kabla hujaenda Utende, benki na mawakala wako huko, kwa boti na visiwani hakuna anayetaka kusikia mtandao wako unasumbua. Mafuta ya kuzuia jua pakaa, na sisi weusi pia tunaungua, tunachelewa tu kujua.

Kurudi, usirudi Jumapili jioni ili Jumatatu uwe kazini, yote uliyojenga wiki nzima yanamalizikia kwenye foleni ya Mbagala. Rudi Ijumaa au Jumamosi, fua nguo, lala kwako. Samaki wakavu na dagaa wa Mafia nunua sokoni Kilindoni asubuhi ya safari, waambie wakufungie mara mbili kwenye nailoni na juu yake kiroba, kwa sababu dagaa wakianza kunuka kwenye basi abiria wote watajua ni wako. Ukitaka samaki wabichi nunua deli lenye mfuniko na barafu, lipia kiti cha pembeni uliweke miguuni, usikubali konda aliweke kwenye buti.